Barua za Mapendekezo ya Residensi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wanafunzi wa Maseno wanaozunguka wadi za Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, wa Moi walio hospitali ya rufaa ya MTRH, Eldoret, na wa Egerton walio hospitali ya rufaa ya Nakuru mara nyingi huanza kutafuta barua mwaka wa sita, wakati konsaltanti (daktari bingwa anayewafunza) wa mwaka wa tano ameshasahau nyuso zao. Haya yanawahusu hasa wanaoomba residensi (mafunzo ya ubingwa baada ya digrii ya udaktari) Marekani kupitia ERAS, mfumo wa maombi wa mtandaoni wa AAMC, jumuiya ya vyuo vya tiba vya Marekani, kwa maana huko ndiko uvumi umejaa.

Dhana: Barua ya mkubwa ndiyo yenye uzito.

Mkuu wa chuo, waziri wa afya wa kaunti, mbunge, askofu: wote wanaweza kukusifu, lakini hakuna aliyekuona ukipokea mgonjwa saa nane usiku. Msimamizi wa programu ya residensi anayeisoma barua anataka kujua mwandishi amekufahamu kwa muda gani, mlifanya kazi wapi, aliona nini kwa macho yake, na anakulinganisha vipi na wengine aliowafunza. Konsaltanti kijana aliyefanya raundi nawe kila siku kwa wiki nane ana majibu hayo yote. Profesa aliyekuona mihadharani tu hana, na barua yake huishia kurudia CV yako kwa aya.

Dhana: Sifa nzuri zinatosha.

"Ni mwenye bidii, mtiifu, hufika kwa wakati." Kwetu hizo ni sifa za kweli. Kwa msomaji wa Marekani, aya mbili za namna hiyo zinaonyesha kwamba mwandishi hakuwa na la kusema, au anaficha jambo. Barua yenye nguvu hufika ukurasa mmoja hadi mmoja na nusu, na ndani yake mna tukio. Tuseme mwanafunzi alimwona mtoto mwenye malaria kali akiendelea kulegea baada ya degedege, akapima sukari, akakuta imeshuka, akamwita daktari wa zamu papo hapo badala ya kungoja raundi. Msomaji anapata picha ya daktari anayefikiri. Kisha uje ulinganisho, kama "miongoni mwa watatu bora kati ya thelathini niliowafunza mwaka huu", na mwandishi aseme wazi kama angempokea mwanafunzi huyo katika idara yake mwenyewe. Jina la mgonjwa lisionekane popote.

Konsaltanti hawezi kukumbuka yote hayo bila msaada wako. Mpelekee CV, logibuku (daftari la kazi ulizofanya), tarehe za rotesheni (zamu yako ya mafunzo katika idara yake), matukio matatu au manne uliyoyashughulikia mbele yake, utaalamu unaoomba na tarehe ya mwisho. Mpe wiki nne hadi sita. Ombi lenyewe lifanye ana kwa ana, wiki ya mwisho ya rotesheni, na uulize hivi: "Daktari, unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua ya kuniunga mkono bila kusita?" Akisita, mshukuru na utafute mwingine, kwa kuwa barua vuguvugu hudhuru. Usiahirishe pia. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56, na uhamisho wa konsaltanti hauna ratiba ya mwanafunzi.

Dhana: Jiandikie mwenyewe, daktari atie saini tu.

Desturi hii imeenea na inaumiza watu. Barua tatu zilizoandikwa na mkono mmoja hufanana hadi kwenye makosa ya sarufi. Mfumo wenyewe haumruhusu mwombaji kupakia barua. Unaingiza jina la mwandishi kwenye MyERAS, unatoa fomu ya ombi yenye namba ya barua, unamtumia, naye au msaidizi aliyemteua anapakia PDF kwenye tovuti ya waandishi. Kila barua ina namba yake. Hitilafu huanzia hapo: barua ya upasuaji inapakiwa kwa namba ya barua ya tiba ya ndani, au inatumwa bila nembo ya hospitali wala saini. Kughushi ni jambo zito zaidi, kwani ECFMG, shirika linalothibitisha vyeti vya madaktari waliosomea nje ya Marekani, huweza kuliandika kwenye rekodi yako, na kila programu unayoomba ikaliona.

Dhana: Ukikubali kuacha haki ya kuisoma barua, umejifunga.

Kubali. Barua ambayo mwombaji ana haki ya kuisoma huaminiwa kidogo.

Dhana: Kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo bora.

Unaweza kuhifadhi nyingi kwenye mfumo, lakini kila programu hupokea zisizozidi 4, na nyingi huomba 3. Ya nne ipeleke ikiwa tu inaeleza jambo ambalo zile tatu hazikugusa. MSPE, barua rasmi ya chuo kuhusu utendaji wako, haihesabiwi humo. Angalau mbili zitoke kwenye utaalamu unaoomba. Tiba ya dharura ina fomu yake maalumu ya tathmini, SLOE.

Dhana: Barua ya Kenya haina thamani.

Programu nyingi hupendelea barua za waliokuona ukifanya kazi Marekani, hilo ni kweli. Lakini ya konsaltanti wa hapa aliyekuona kwa miezi mingi huonyesha uvumilivu na mikono iliyozoea kazi. Eldoret, AMPATH, ushirikiano wa Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, huleta walimu wa Marekani kwenye wadi. Ukifanya raundi nao, wanaweza kukuandikia. Elektivu (mafunzo ya kuchagua mwenyewe) ya kugusa wagonjwa Marekani ifanye kabla ya kuhitimu, kwa sababu baada ya hapo nafasi nyingi ni za kutazama tu, na barua itasema ulitazama.

Dhana: Barua nzuri itafuta matokeo mabaya.

Programu nyingi huchuja kwa alama kwanza. Tangu Januari 2022 Step 1, sehemu ya kwanza ya USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari Marekani, hutoa kufaulu au kuanguka tu, kwa hiyo Step 2 CK, sehemu ya pili, ndiyo inayotazamwa kwa alama. Barua inafanya kazi kwa faili lililovuka chujio hilo.

Dhana: Huwezi kutuma maombi barua zikiwa hazijatimia.

Unaweza. Barua inayochelewa huambatishwa hata baada ya maombi kutumwa. Ila programu huanza kufungua mafaili mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo mwandishi mpe Agosti kama mwisho wake, na umkumbushe kwa upole wiki mbili kabla.