Dirisha la Kuzama katika Programu za Kuchora Nyumba

Dirisha au mlango wa kuzama ni ule ambao fremu yake imerudishwa ndani ya unene wa ukuta, ikaacha uso wa ukuta mbele yake. Pande za tundu zinazobaki wazi kati ya uso huo na fremu nitaziita mashavu, na umbali wake kutoka uso wa ukuta hadi kwenye fremu ndio kina cha kuzama.

Anayechora nyumba kwa kompyuta hana budi kuelewa kwamba tundu na fremu ni vitu viwili. Tundu hupita unene wote wa ukuta, ilhali fremu hukaa mahali fulani ndani ya tundu hilo, na mahali hapo huamuliwa na mchoraji. Tuseme ukuta wa mawe una unene wa sentimita 50, kama zilivyo nene kuta za nyumba kongwe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, na fremu ina sentimita 8. Ukiizamisha fremu sentimita 30 kutoka nje, ndani yatabaki mashavu ya sentimita 12. Ukuta wa tofali za inchi 6 hautoi nafasi hiyo: ukipigwa plasta ya sentimita 1.5 kila upande unafikia takriban sentimita 18, kwa hiyo fremu ileile haiwezi kuzama zaidi ya sentimita 10.

Kosa ninaloliona mara nyingi, na linaloniuma kwa sababu fundi ndiye anayekuja kuhangaika nalo, ni kumwachia kompyuta kazi ya kupanga. Programu nyingi hulivuta dirisha likanate ukutani lenyewe, na baadhi hulinyoosha hadi lilingane na unene wa ukuta, hata fremu ya sentimita 8 ikageuka boksi la sentimita 50. Baada ya kuliweka dirisha, rudisha unene halisi wa fremu yake, kisha lisogeze mbele au nyuma kwa kipimo. Katika Sweet Home 3D, programu ya bure iliyoanzishwa na Emmanuel Puybaret, mvuto huo unaweza kuzimwa kwenye mapendeleo. Dirisha lake pia lina sifa inayoamuru ukuta ukatwe pande zote mbili hata kama fremu imejificha katikati. Pasipo sifa hiyo, ukitazama mchoro wa 3D unaweza kukuta upande mmoja umezibwa na ukuta mzima.

Kipimo hiki kina uzito katika jua letu. Jua likilielekea dirisha moja kwa moja kutoka kimo cha nyuzi 45, shavu la juu lenye sentimita 30 hutia kivuli sentimita 30 za juu za kioo, na kadiri jua linavyopanda ndivyo kivuli kinavyoshuka. Programu yenye uwezo wa kuonyesha jua kwa saa na mahali itakuonyesha hilo, mradi fremu iko mahali pake.

Kwa mlango, angalia pia unavyofunguka. Ubao uliofungwa sambamba na uso wa ndani wa ukuta hufunguka mpaka ukalala ukutani, lakini ukiwa umezama na unafungukia upande wa mashavu, hugota kwenye shavu ukifika takriban nyuzi 90. Ule upinde unaoonyesha mlango unavyofunguka kwenye ramani uchorwe hivyo, kwa sababu ubao uliosimama wima kandokando ya tundu hula upana wa njia kwa unene wake wote.