Je, wajua kwa nini mwenye msitu Marekani anaweza kumwogopa ndege mwenye uzito wa yai?

Kusini mwa Marekani, kwenye majimbo kama North Carolina na Georgia, yuko kigong'ota mmoja mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni. Ukimweka kwenye mizani, hazidi yai la kuku. Hali mazao, hashambulii mifugo. Anadonoa wadudu kwenye magome ya misonobari, basi. Lakini kwa miaka mingi wapo wenye misitu waliokuwa wakisikia tu kwamba ameonekana kwa jirani, wanaita watu wa misumeno.

Sababu inaanzia kwenye tundu lake. Vigong'ota wengi hutoboa mti uliokufa kwa kuwa ni laini. Huyu anataka msonobari ulio hai, tena mzee, wa miaka 60, 80 au zaidi, ambao kiini chake kimeanza kulainishwa na kuvu. Hata hapo kazi humchukua miaka. Tundu likishakamilika, anadonoa vishimo kuzunguka mlango ili utomvu uchuruzike, na shina linaishia kuwa kama mshumaa uliowaka usiku kucha. Nyoka anayepanda kutafuta mayai hukutana na huo utomvu, unamnata, anageuka. Ni ufundi wa kupendeza, ila kwa mwenye shamba una hesabu mbaya. Msonobari wa biashara kwa kawaida hukatwa kabla ya kufika umri huo. Anayempata mgeni huyu, basi, ni yule aliyeiacha miti yake izeeke.

Na mgeni huyu haji peke yake, anakuja na sheria. Kigong'ota huyu aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1970, na mwaka 1973 Rais Richard Nixon akatia saini sheria kali zaidi ya kuwalinda viumbe wa namna hiyo. Inakataza kuwaua, kuwanasa, kuwasumbua na kuwadhuru. Neno la mwisho ndilo lililozua kesi, kwa sababu kanuni ya mwaka 1975 ilieleza kwamba kudhuru ni pamoja na kuharibu makazi ya kiumbe kiasi cha kumuua au kumjeruhi. Kwa maneno mengine, huhitaji bunduki ili uvunje sheria, msumeno unatosha. Anayefanya hivyo kwa kujua anaweza kutozwa faini ya hadi dola 50,000 na kufungwa hadi mwaka mmoja. Watu wa biashara ya mbao waliipinga kanuni hiyo mpaka Mahakama ya Juu, wakashindwa mwaka 1995 kwa majaji 6 dhidi ya 3. Jaji Antonin Scalia, mmoja wa wale watatu, aliandika kwa ukali kwamba hata mkulima wa kawaida kabisa anaweza kujikuta ardhi yake imetwaliwa kwa ajili ya wanyama wa taifa, na yeye akafilisika.

Donda lenyewe liko kwenye neno fidia. Serikali ikitaka shamba lako ipitishe barabara, Marekebisho ya Tano ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1791, yanailazimu ikulipe fidia ya haki. Ikikukataza kukata miti yako, hati inabaki na jina lako, kodi ya ardhi unaendelea kulipa, na kwa kawaida hulipwi kitu. Mwaka 1922, kwenye kesi ya makaa ya mawe ya Pennsylvania, Jaji Oliver Wendell Holmes wa Mahakama ya Juu alisema kanuni ikipita kiasi itahesabiwa kuwa ni kutwaa mali. Kiasi chenyewe ni kipi, hakusema, na mawakili wamekula kwa swali hilo miaka mia sasa. Mwaka 1978 mahakama hiyo ilitoa vitu vya kupima: hasara ni kubwa kiasi gani, mwenye mali alitarajia nini alipowekeza, na kitendo cha serikali ni cha namna gani. Mwaka 1992 ikaongeza kwamba kanuni ikifuta thamani yote ya ardhi, kwa kawaida fidia lazima ilipwe. Kesi hiyo ya 1992 ilihusu viwanja viwili vya ufukweni huko South Carolina, vilivyonunuliwa kwa dola 975,000 na kisha vikapigwa marufuku kujengwa. Jimbo lilipobanwa likavinunua, halafu nalo likaviuza vijengwe! Ni rahisi kuupenda ufukwe kwa pesa za mwenzako.

Mwenye misonobari hana hata bahati hiyo, kwa sababu mara chache hupoteza vyote. Hupoteza ekari kadhaa kuzunguka kila kundi la miti yenye matundu, na zile zinazobaki na thamani ndizo zinazomnyima hoja ya fidia.

Upande wa pili nao una la kusema, tena zito. Ndege wa porini si mali ya mwenye shamba, hata akilala kwake kila siku. Misitu ya aina ya msonobari anayoipenda zaidi iliwahi kufunika takriban ekari milioni 90, na leo imebaki sehemu ndogo tu ya hiyo. Walioimaliza hawakumlipa mtu. Na serikali ikidaiwa fidia kwa kila katazo, itashindwa kukataza hata kumwaga sumu mtoni. Nakubaliana na haya yote. Linalonikera ni mgawanyo wa mzigo: familia iliyofyeka kila kitu zamani haidaiwi chochote, ila iliyotunza ndiyo inayobeba.

Watu nao si wajinga. Kati ya wenye ardhi wa huko kuna msemo wa maneno matatu: piga, fukia, nyamaza. Ila njia iliyotumika zaidi haikuhitaji kuvunja sheria yoyote. Unakata mapema, kabla ndege hajafika. Mwaka 2003 wachumi Dean Lueck na Jeffrey Michael walichapisha utafiti wao kuhusu misitu ya North Carolina: kadiri shamba lilivyokuwa karibu na makundi ya vigong'ota, ndivyo miti yake ilivyoelekea kukatwa, tena ikiwa michanga.

Kwenye ubishi huu wa ardhi na wanyama, kisa cha chura wa jimbo la Louisiana ndicho kinachopendwa kusimuliwa zaidi. Mwaka 2012 serikali kuu ilitangaza ekari 1,544 za huko kuwa makazi muhimu ya chura ambaye hakuwa ameonekana pale tangu mwaka 1965, na ambaye asingeweza kuishi pale bila msitu wenyewe kubadilishwa. Mwaka 2018 majaji wote 8 wa Mahakama ya Juu walioisikiliza kesi ya kulipinga tangazo hilo walisema kwamba makazi muhimu sharti kwanza yawe makazi. Wasimuliaji wengi huruka jambo moja: tangazo kama hilo halimzuii mwenye ardhi moja kwa moja. Linauma pale anapohitaji kibali au fedha za serikali kuu.

Kwa kigong'ota, hali ilianza kubadilika mwaka 1995, North Carolina, kwa mkataba wa kujitolea. Wataalamu wanakuja, wanahesabu makundi ya ndege yaliyopo kwako siku hiyo, na idadi inaandikwa. Hayo utayatunza. Yatakayoongezeka kwa sababu umeacha miti izeeke na kuchoma magugu chini yake hayatakufunga. Kesho ukitaka kukata mpaka idadi irudi ile ya mwanzo, ruhusa unayo. Mikataba ikasambaa kwenye majimbo mengine ya kusini. Wapo waliofika hatua ya kutoboa mashina wenyewe na kupachika visanduku ndani yake ili ndege asitoboe kwa miaka. Oktoba 2024 serikali ilimshusha daraja, kutoka aliye hatarini kutoweka hadi anayetishiwa tu.

Mkataba huo haulipi fidia ya ardhi, unaondoa woga tu. Aliyehesabiwa sifuri siku ya kusaini anaweza kumkaribisha kigong'ota wa kwanza bila wasiwasi. Aliyehesabiwa makundi manne bado anayabeba manne, kwa gharama yake.