Je, wajua kwa nini neno la Kiingereza ulilolikariri jana leo hulikumbuki?

Daftari la msamiati la mwanafunzi wa kidato cha kwanza, awe Newala, Masasi au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, mara nyingi lina safu mbili: neno kushoto, maana kulia. Shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili; sasa baiolojia, jiografia na historia zote zinamjia kwa Kiingereza, naye anakimbilia kukariri. Usiku anaupitia ukurasa mara kumi, asubuhi maneno yapo, wiki ikiisha yamebaki matatu. Kisha anaambiwa ana kichwa kigumu. Si kweli, na inauma kwamba watoto wengi wanaamini hivyo.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima kumbukumbu kwa silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, ndani ya siku ya kwanza, kisha kasi hupungua. Kwa hiyo kusoma mara kumi usiku mmoja hakufui dafu mbele ya kusoma mara tano kwa siku zilizoachana. Tena, unapopitia safu mbili macho yanaliona jibu kabla kichwa hakijalitafuta. Unalitambua neno, lakini hujawahi kulitoa kichwani mwenyewe, na kwenye mtihani kinachotakiwa ni kulitoa.

Sababu nyingine ni kulikariri neno zima kama jiwe, wakati mengi ya maneno magumu yana viungo. Baada ya Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala, na Kilatini kiliendelea kuwa lugha ya kanisa na elimu. Ndiyo maana kuna "buy" la nyumbani na "purchase" la ofisini, "ask" na "inquire". Maneno ya kundi hili la pili, yaliyotoka Kifaransa na Kilatini, hurudia mizizi ileile, na mzawa wa Kiswahili hapati shida na jambo hilo: andika, mwandishi, maandishi, mwandiko.

Chukua "extract". Sehemu ya mwisho, "tract", kwa Kilatini ni kuvuta au kukokota. Trekta ina mzizi huohuo, zikiwemo zile zilizoletwa Nachingwea na mradi wa karanga wa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940. "Ex" ni nje, hivyo "extract" ni kuvuta kitu kitoke: gesi ya Mnazi Bay, Mtwara, kutoka ardhini, mafuta kutoka kwenye ganda la korosho, jino kutoka kwenye ufizi. Ukiwa na mzizi huo, "attract" ni kuvutia, "subtract" ni kutoa kwenye hesabu, "distract" ni kuvuta mawazo yaende kando, na "contract" ni kuvuta pamoja, ndiyo maana humaanisha mkataba na pia kusinyaa.

Lakini mzizi ni dokezo tu, kamusi ndiyo hakimu. "In" mwanzoni mara nyingi hukanusha, ila "inflammable" kwenye tangi la mafuta ina maana kwamba yanashika moto kwa urahisi. Anayedhani ni kinyume chake anaweza kuwasha kiberiti pale.

Sasa kazi yenyewe. Kata karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa karata. Mbele andika sentensi yenye pengo, mfano: Engineers ____ natural gas at Mnazi Bay. Nyuma andika neno, maana yake kwa Kiswahili, na maneno mawili matatu ambayo huandamana nalo. Panga kadi kwenye boksi la viatu lenye vyumba vitano, mtindo ulioelezwa na Mjerumani Sebastian Leitner mwaka 1972. Chumba cha kwanza kipitie kila siku, cha pili kila baada ya siku 2, vinavyofuata 4, 8 na 16. Ukipata, kadi inasogea mbele. Ukikosa, inarudi chumba cha kwanza. Tamka jibu kwa sauti kabla ya kugeuza.

Maneno mapya 8 kwa siku yanatosha. Kila kadi hupitiwa angalau mara tano, hivyo baada ya mwezi mmoja maneno 8 ya kila siku yanakuwa kadi 40 za kurudia, dakika kumi na tano hivi. Anayeanza na 30 atajikuta na 150 kila siku, na hapo ndipo boksi hutupwa uvunguni. Usiingize siku moja maneno yanayokaribiana, kama "affect" na "effect", yatachanganyikana. Acha wiki mbili katikati.

Pigia mstari silabi yenye mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wetu hulazimisha hivyo kwa Kiingereza pia. "Economy" hukazwa kwenye "con", "economic" kwenye "nom". "Extract" likiwa jina hukazwa mwanzo, likiwa kitenzi mwisho.

Kadi ukiikosa mara nne mfululizo, usiilazimishe. Mara nyingi kosa liko kwenye sentensi: ni ndefu, au inazungumzia kitu ambacho hujawahi kukiona. Ichane, uandike nyingine kuhusu mnada wa korosho, bandari au shamba la kwenu.