"Coffee" na kahawa: dhana potofu zinazosikika Moshi, na ukweli wake

Dhana: "Kahawa" ni "coffee" ya Waingereza iliyoswahilishwa.

Hii ndiyo inayosikika zaidi. Miche ililetwa Kilema, kwenye Mlima Kilimanjaro, na wamisionari wa Kizungu mwishoni mwa karne ya 19, basi watu hudhani jina nalo lilipanda mlima pamoja nao. Sivyo. Maneno yote mawili chimbuko lake ni Kiarabu, qahwa, ila yamepita njia tofauti. La kwetu lilifika pwani bila kupitia Ulaya, ndiyo maana h na w zake zimebaki. La Kiingereza lilizunguka: kwa Waturuki likawa kahve, kwa Waholanzi koffie, na Waingereza wakalipokea miaka ya 1600 hivi. Sikiliza f hiyo, maana ndiyo alama ya Ulaya: imo kwenye caffè ya Waitaliano na café ya Wafaransa. Tungelipata kwa Mwingereza, f ingekuwemo, kama ilivyo kwenye kafeteria na kafeini, ambayo kweli yametoka huko. Mkahawa, kwa upande wake, tumeuunda wenyewe kwa kutia m- tu.

Dhana: Jina limetokana na Kaffa, Ethiopia.

Kilichotoka Ethiopia ni mmea. Huko huitwa buna, na Waarabu mbegu yake huiita bunn. Hilo nalo tunalo: buni, na mti wake mbuni. Qahwa ni jina la kinywaji, na katika Kiarabu cha zamani lilitumika hata kwa divai. Kufanana sauti na Kaffa si ushahidi.

Dhana: Arabika asili yake Uarabuni.

Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliipa aina hii ya kahawa jina hilo mwaka 1753 kwa sababu Ulaya ilikuwa imeijua kahawa kupitia Yemen. "Mocha" nayo ni bandari ya Yemen, ingawa leo ukiiagiza mkahawani Arusha utaletewa yenye chokoleti.

Dhana: "Coffee bean" ni jamii ya maharage.

Hapana, ni mbegu ya tunda. Minya tunda bivu, lililo jekundu: zitatoka mbegu mbili zenye utelezi, kila moja bapa upande mmoja, zilikuwa zimetazamana. Mara nyingine hukua moja tu, ikawa mviringo. Waingereza huiita "peaberry", na kwenye mnada wa Moshi daraja lake ni PB. Unapokaanga nyumbani, itenge. Ya mviringo hubingirika kikaangoni, ya bapa hulalia tumbo. Ukizichanganya, moja itaungua nyingine haijaiva.