Chalbi si mchanga wa Mambrui: maneno ya maskani na ukweli wa huko

Hii stori ikianza maskani hapa Malindi haikatiki. Mmoja ana Prado, mwengine ana shemeji Marsabit, wa tatu kaona video ya magari yanakimbia kwenye uwanja mweupe usio na mwisho, basi dakika kumi ishakuwa twendeni Chalbi, lile jangwa la kule Marsabit. Na safari yenyewe ni nzuri, sikatai. Lakini ukikaa ukaskiza mipango yote yaanzia kwa gari yaishia kwa gari, taya (tairi) gani, gari iinuliwe inchi ngapi, taa za juu ya keria ziwe ngapi, maji hakuna alotaja hata mmoja. Sasa haya maneno yanayozunguka ngoja tuyaguse, mengine yana ukweli nusu na hiyo nusu ndo mbaya zaidi.

"Jangwa ni mchanga, na mchanga sisi twaujua." Hili ndo kubwa lao. Chalbi ni kitako cha ziwa la zamani lililokauka, yaani ni udongo na chumvi, tambarare kabisa, mchanga wa vilima vilima utaupata kipande tu upande wa mji mdogo wa North Horr. Kabla hujafika huko, ukitoka Marsabit kushika njia ya Turbi kuna Dida Galgalu, na ile ni mawe meusi ya volkano kushoto na kulia mpaka jicho lichoke, na ukienda Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, vilevile, mawe makali yanakata taya ubavuni. Taya ikichanika ubavu hakuna pancha ya kuziba pale, hiyo ishakufa. Ndo maana watu wa huko wanatembea na spea mbili, sio moja, na kompresa, na vifaa vya pancha. Mwenye spea moja akipata pancha ya kwanza safari yake imebadilika, kuanzia hapo anaomba Mungu tu.

Na huo mchanga wa ufuko wa Mambrui hapa kwetu wenyewe, wengi wanaupita maji yakitoka, umelowa, umeshikana, gari inateleza juu yake vizuri tu. Mkavu ni habari nyengine. (Halafu mkiendesha ufukoni mnakanyaga mayai ya kasa, hebu acheni hiyo tabia.) Kitu kimoja mtachukua kutoka ufukoni kikawafaa kweli ni kushusha upepo. Taya yenye upepo wa psi 35 ishushe ifike 20 hivi ukiingia mchanga mlaini, inatandazika, inakanyaga eneo kubwa, haichimbi. Ukiwa umekwama sana unaweza kushuka mpaka 15, chini ya hapo taya inaweza kuchomoka kwenye rimu. Lakini ukishusha usikimbie, na ukifika kwenye mawe au lami jaza upepo kwanza kabla ya kitu chochote, taya laini kwenye mawe ndo inachanika haraka na kwenye lami kwa spidi inapata moto mpaka ipasuke. Sasa asiye na kompresa atashusha halafu ajaze na nini?

"Jangwani hakunyeshi, hatari ni jua." Jua ni hatari ndio, lakini kinachokwamisha magari Chalbi ni matope. Mvua ikinyesha, na inanyesha, masika ya Machi mpaka Mei na vuli ya Oktoba mpaka Disemba, ule uwanja unarudi kuwa ziwa la maji machache na tope jingi. Baadae juu panakauka, panang'aa weupe wa chumvi, ukiangalia wasema hapa napiga 100, kumbe juu ukoko chini uji. Gari inapasua ule ukoko inakaa na tumbo, na hakuna mti wa kufunga kamba kilomita na kilomita. Madereva wa malori ya huko wanafuata alama za magari yaliyopita, na palipo na rangi nyeusi nyeusi wanapazunguka hata kama ni mbali. Ukimuona dereva wa huko kazunguka na wewe wataka kukata moja kwa moja kwa sababu ramani ya simu imeonyesha ni karibu, mfuate yeye.

Halafu kuna laga. Laga ni mto mkavu, mchanga mlaini, kando kando ina miti na kivuli, pahala pazuri kabisa pa kupiga hema, na ndo pasipolalwa. Mvua inanyesha milimani mbali huko, kwako nyota zimejaa, na maji yanakuja usiku kwa kishindo. Ukikuta laga inapita maji, zima injini kaa ng'ambo yako usubiri, mara nyingi yanapungua baada ya saa kadhaa. Wanaosema "maji ya magoti tu" ndo wanaosombwa, kwa sababu maji ya kasi hata yasipofika dirishani yanabeba gari. Kwa hivyo wale wanaopanga Disemba kwa ajili ya likizo mimi nasema sogezeni mbele iwe Januari mwishoni au Februari, au mngoje Juni mpaka Septemba.

"Kutoka Marsabit mpaka North Horr hazizidi kilomita 200, twatoka asubuhi twala chamcha huko." Hesabu hiyo ni ya lami. Kwanza mnasahau mnatoka Malindi. Malindi Mombasa 120, Mombasa Nairobi karibu 485, Nairobi Isiolo kama 280, Isiolo Marsabit kama 260, yaani mmeshakula kilomita elfu moja na mia na hamjagusa jangwa hata kidogo. Lami ya Isiolo mpaka Moyale ni nzuri siku hizi, inawadanganya, mnafika Marsabit mnajiona mabingwa. Ukiiacha lami pale hesabu masaa, sio kilomita. Ishirini kwa saa kwenye mawe ni mwendo wa heshima. Mie ningepanga siku nzima kwa kipande hicho na jua likianza kushuka nimeshasimama, kwa sababu usiku ngamia yuko katikati ya njia na hana taa.

Na wanaotaka kukata njia kwa Garsen, Hola, Garissa, halafu watokee Isiolo kwa Modogashe, kwenye ramani inavutia kweli. Lakini mwaka 2023 na tena 2024 Mto Tana ulifurika ukaikata barabara pale Madogo, karibu na Garissa, watu wakavuka kwa maboti. Pitieni huko kiangazi na mkishauliza madereva wa mabasi, sio mkishauliza simu.

"Fobaifo inatoka popote." Inatoka pengi. Ila fobaifo, yaani gari inayosukumwa na magurudumu yote manne, inakusukuma tu, haikusimamishi, breki zake ni kama za gari yoyote na ikiwa imejaa mizigo ni mbaya zaidi. Na kazi yake kubwa kwa dereva mgeni ni kumpeleka mbali zaidi kabla hajakwama. Gia nzito, ile lo, ingiza kabla ya mchanga, sio baada ya kuzama. Taya ikianza kuzunguka bila kwenda, toa mguu hapo hapo, kila mzunguko unachimba kaburi. Shuka, chimba na sepetu mpaka tumbo liwe wazi, shusha upepo, weka mbao au mikeka ya plastiki mbele ya taya, ondoka polepole. Jeki bila ubao chini inazama yenyewe, basi bebeni kipande cha mbao nene. Na jamani ile kamba ya kuvuta musiifunge kwenye bampa wala kwenye kile kichwa cha mpira cha kuvutia trela. Kile kikikatika kinaruka kama risasi, kimeshaua watu. Fungeni kwenye pete ya chesi na watu wakae mbali.

Gari gani? Ile ambayo fundi wa Marsabit anaijua. Land Cruiser za kizamani mnaziona zimejaa kule si kwa urembo, spea zake zipo na kila makanika keshazifungua. Gari mpya yenye kompyuta kumi ikigoma kijijini Maikona huko jangwani, hata fundi hodari atakuangalia tu.

Sasa maji. "Tuchukue katoni mbili za maji, mengine tutanunua njiani." Hapa ndo nakasirika kidogo. Mtu mmoja anataka lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia, na hapo hajaoga. Mko wanne, kipande cha jangwa ni siku nne, hiyo ni lita 80, ongeza siku mbili za kukwama, 120. Mitungi sita ya lita 20. Musiweke kwenye pipa moja, likitoboka mmekwisha. Na kumbukeni lita 120 ni kilo 120, zikae chini ndani ya gari, mukizipandisha kwenye keria pamoja na spea na mafuta gari inakuwa na kichwa kizito na kwenye mteremko wa pembeni inalala.

Kuna wanaosema ukikwama kunywa kidogo kidogo uokoe maji. Uongo huo umezika watu na chupa zao zina maji. Ukiona kiu kunywa. Unachookoa ni jasho: kaa kivulini, usifanye kazi ya kuchimba saa saba mchana, nguo za mikono mirefu, kilemba. Safari hii na Ramadhani haziendani, na msafiri ana ruhusa yake. Na Ziwa Turkana lisiwape matumaini, lile ni ziwa kubwa mno lakini maji yake ni ya magadi na floridi nyingi, wenyeji wengine wanayanywa kwa kukosa, nyie si wenyeji. Loiyangalani yenyewe kuna chemchemi ya maji matamu na mikoma imesimama pale, utafikiri uko bara ya Malindi.

Mafuta kwa ufupi. Gari inayokwenda kilomita 8 kwa lita kwenye lami, kwenye mchanga na gia nzito yaweza kushuka mpaka 5 au 4. Mukizunguka Marsabit, North Horr, Loiyangalani mpaka mtokee lami Laisamis ni kilomita 500 na zaidi, basi ni lita 100 na kitu, ongezeni theluthi juu yake. Pampu ya kutegemea ni ya mjini Marsabit. Huko mbele yapo ya mitungi, bei imeruka na mara nyengine yana uchafu, chujeni. Mitungi ya chuma, na isikae mnapokaa nyinyi.

"Simu itatuonyesha njia." Simu hiyo itaonyesha mlipo, ndio, GPS haitaki mtandao, inataka ramani iwe imeshashushwa kabla na betri iwe na moto. Kinachokatika ni kupiga. Ukiviacha vile vijiji vikubwa utakaa masaa bila hata mstari mmoja wa mtandao. Na njia kwenye ramani ya simu huenda ni ya ngamia, au ni ya lori lililopita mara moja mwaka juzi. Chukueni mtu wa huko awaongoze, mumpate Marsabit au kijiji cha Kalacha, mumlipe vizuri.

Maana eti jangwani hakuna watu! Kule kuna Wagabra, Warendile, ziwani kuna Waelmolo, na kila kisima mnachokiona kina wenyewe na kina zamu. Musifike na mitungi yenu mukajichotea mbele ya ngamia waliotembea siku mbili kuja kunywa. Salimianeni, ulizeni, ngojeni. Kamera vilevile, omba kwanza. Kiswahili kinafika mjini na kwa vijana, kwa wazee mtamhitaji huyo mwongozaji.

Nyoka: wapo, na kung'uteni viatu asubuhi kwa ajili ya nge. Aking'atwa mtu hakuna kukata kwa wembe wala kunyonya wala kufunga kamba mguu mpaka uwe mweusi. Atulizwe, mguu usitikiswe, pete na viatu vivuliwe, hospitali. Yaani gari ya pili ndo imkimbize. Na hapo ndo utajua kwa nini gari moja haitoshi, hata iwe mpya vipi.

"Tukikwama tutatembea, ni karibu." Hapana. Gari inaonekana kutoka mbali na mtu haonekani, gari ina kivuli na maji. Mazigazi yatakuonyesha kijiji pale mbele, unatembea nacho kinarudi nyuma. Kaeni na gari, fungueni boneti, moshi wa taya ya kale mchana, taa usiku.

Usalama nao hubadilika kwa wiki, kuna wizi wa mifugo na kuna siku njia fulani haipitiki kwa sababu ya bunduki, na aliyepita mwezi jana hana habari ya leo. Ulizeni polisi Marsabit asubuhi ile ile, na waachieni namba za gari na mnakokwenda. Halafu mtu mmoja wa nyumbani, mtulivu, sio yule wa kulia kwenye simu, apewe karatasi: tarehe, majina ya vituo, siku ambayo mkiwa hamjapiga apige yeye, na namba ya kumpigia ni ya kituo cha polisi Marsabit, isiwe ya shemeji.