Milimita nne na nusu

Juzi usiku nililehemu taruma la mwisho, kile kipande kinachobeba reli, la stesheni yangu ya modeli ya Wellingtonbridge. Stesheni yenyewe ina urefu wa meza mbili za chakula, imekaa juu ya plaiwudi katika chumba cha nyuma, na reli zake zimeachana kwa milimita 21 kamili. Dukani kuna reli za modeli za milimita 16.5 zilizokwisha kuundwa. Unazitoa kwenye boksi na treni inatembea jioni ileile. Zangu zimenichukua miaka mitatu, taruma moja baada ya jingine. Tofauti ni milimita nne na nusu tu, na ndani ya tofauti hiyo mna karibu kila kitu ninachokipenda katika uundaji wa treni za Ireland, pamoja na watu wake.

Nianze na reli yenyewe, ile kubwa. Msomaji wa Kenya au Tanzania anazijua reli mbili: ya zamani yenye upana wa mita moja, na SGR yenye milimita 1435, kipimo kinachotumika sehemu kubwa ya dunia, Uingereza ikiwemo. Ireland hawamo. Reli yao ni futi 5 na inchi 3, yaani milimita 1600. Chukua SGR, ongeza karibu urefu wa penseli, hapo umeipata.

Kipimo hicho kilizaliwa kwenye ugomvi. Njia ya kwanza ya treni kisiwani, kutoka Dublin hadi Kingstown ambayo leo ni Dún Laoghaire, ilifunguliwa Desemba 1834 kwa kipimo cha Uingereza. Kisha kampuni ya Ulster Railway ikaanzia Belfast na reli za futi 6 na inchi 2. Dublin & Drogheda nao wakachagua futi 5 na inchi 2. Kila mmoja na lake, na njia zilikuwa zikisogeleana. Siku ambayo zingekutana, behewa la huyu lisingeweza kuingia kwa yule. Suala likafikishwa kwa Meja Jenerali Charles Pasley, mkaguzi wa reli wa serikali, na kipimo kilichotoka mikononi mwake hakikuwa cha yeyote kati ya hao watatu: futi 5 na inchi 3. Sheria ya mwaka 1846 ikakifunga, na Ulster Railway ikalazimika kung'oa na kutandaza upya. Baadaye kipimo hicho kilivuka bahari hadi Victoria na Australia Kusini, na Brazil pia wanacho.

Sasa tuje mezani. Uingereza na Ireland, waundaji wengi hutumia kipimo cha OO: milimita 4 za modeli kwa kila futi 1 ya kitu halisi. Futi 5 na robo mara 4 ni 21, hesabu ya shule ya msingi. Lakini reli ya OO inayouzwa ni 16.5, na sababu yake ni mota. Ulaya bara walishika kipimo cha HO, milimita 3.5 kwa futi, na kwa hesabu hiyo 16.5 ni sahihi kwa reli ya 1435. Vichwa vya treni vya Uingereza ni vyembamba na vifupi kuliko vya Ulaya bara, hivyo mota za wakati ule hazikuenea ndani ya modeli zao. Wakaikuza bodi hadi milimita 4 kwa futi, wakaacha reli na magurudumu palepale. Kwa anayeunda treni za Uingereza, kasoro ni milimita mbili na kidogo, jicho linazoea. Kwa anayeunda za Ireland, zaidi ya moja ya tano ya upana wote imepotea. Ukigeuza hesabu, treni yake inatembea juu ya reli ya futi 4 na inchi moja na nusu, kitu ambacho Ireland haikuwa nacho.

Ukiitazama modeli ubavuni huoni tatizo lolote. Itazame kwa mbele. Bodi ni pana, magurudumu yamebanwa katikati, kama meza ya chakula iliyowekewa miguu ya stuli. Mpwa wangu wa miaka tisa alikuja kunitembelea wakati bado natumia 16.5. Hakuna aliyemfundisha habari za vipimo. Akainama hadi macho yakalingana na reli, akatulia, akasema, "Mjomba, hii si itapinduka?" Nilimjibu kwamba haipinduki, lakini usingizi wa usiku ule ulikuwa mfupi. Mwezi uliofuata nikaagiza nyuzi za reli tupu na bodi za shaba za kukatia mataruma.

Nisieleweke vibaya. Wengi wa wenzangu wamebaki kwenye 16.5 na wana haki zote. Zamani mtu aliyetaka treni ya Ireland alikuwa na njia mbili: akate na kulehemu mabamba ya shaba mwenyewe, au anunue modeli ya Kiingereza aipake rangi za CIÉ, shirika la usafiri la Ireland, na kujikaza asiangalie sana. Kisha Murphy Models wakatoa vichwa vya dizeli vya General Motors, aina ya 141 na 181, halafu 071 na vinginevyo, vimeundwa kwa uangalifu hadi mishikio ya milango. Baada yao wakaja Irish Railway Models na mabehewa ya mizigo, na baadaye aina ya A, zile dizeli za mwaka 1955 ambazo kila mzee wa huku ana kisa nazo. Kwa mara ya kwanza mtu mwenye kazi, watoto na saa mbili tu za Jumapili aliweza kuwa na treni ya nchi yake mezani. Hilo ni jambo kubwa, na mimi mwenyewe nimefaidika nalo, kwa kuwa vichwa vyangu nilivinunua, nikabadilisha magurudumu tu.

Kuna na kundi la tatu, la reli nyembamba za futi 3: Donegal, West Clare, Tralee na Dingle. Hao mambo yao yamenyooka: futi 3 mara 4 ni milimita 12. Na 12 ndiyo reli wanayotumia wanaounda treni za mita moja kwa kipimo cha HO. Kwa hiyo anayeota kuunda Voi au Tabora ya zamani anaweza kununua reli kwenye kaunta moja na mtu wa Dingle.

Kwa nini Wellingtonbridge? Kwa sababu ya viazisukari, zao linalokamuliwa sukari. Ni stesheni ndogo ya kaunti ya Wexford, kwenye njia ya Rosslare kwenda Waterford iliyofunguliwa mwaka 1906 pamoja na daraja refu la mto Barrow. Mwaka mzima palikuwa kimya. Msimu wa mavuno ukifika, matrekta yalipanga foleni, mtambo ukapakia, na treni zikaondoka kuelekea kiwanda cha Mallow, kaunti ya Cork. Mabehewa yake sijayaona kwingine: behewa la wazi lenye ubavu wa bati la mikunjo, na juu yake limefungwa jingine la namna hiyohiyo lililovuliwa magurudumu, yamepandana kama ghorofa. Msimu wa mwisho ulikuwa wa 2005 kuingia 2006. Sera ya sukari ya Umoja wa Ulaya ilibadilika, Mallow ikafungwa, na Septemba 2010 hata treni za abiria zikakoma hapo. Mimi nilifika Ireland baada ya hayo yote. Ninachokiunda nimekipata kwa kusimuliwa na kuonyeshwa picha.

Hapo ndipo watu wanapoingia.

Nilipoanza kupaka mabehewa yangu rangi, niliyachafua kama nilivyoona wengine wakichafua: kutu hapa, masizi pale. Nikayapeleka kwenye mkutano wetu wa mwezi. Mzee mmoja, mstaafu wa kazi ya kupakia mizigo, akalishika behewa moja muda mrefu. Hakusema nimekosea. Aliniuliza kama nimewahi kuona shamba la viazisukari mwezi wa Novemba. Kisha akanieleza kwamba tope lilikuwa linaingia kwenye mikunjo ya bati na kukaa humo msimu mzima. Mvua ikinyesha linakuwa la kahawia iliyoiva, likikauka linageuka kijivu, na ukingo wa juu unabaki safi kwa kusuguliwa na viazi vinavyomwagwa. Jumamosi iliyofuata alinipa bahasha yenye picha kumi na moja alizopiga mwenyewe. Nimezirudisha, lakini rangi ya mabehewa yangu imetoka humo.

Mambo ya namna hii yapo kwa sababu nchi ni ndogo. Kwa treni za Uingereza, karibu kila swali lina kitabu na kila kifaa kina muuzaji. Kwa za Ireland, kwa miongo mingi jibu lilikuwa kichwani mwa mtu fulani, na ramani ya behewa ilikuwa kwenye droo ya mtu mwingine. Huwezi kuunda chochote bila kubisha hodi. Mtu anayeinunia jamii hii hana pa kupata hata upana wa bafa, kile kikinga mgongano cha behewa. Irish Railway Record Society, chama cha kumbukumbu za reli kilichoanzishwa mwaka 1946, ina maktaba yake stesheni ya Heuston, Dublin. Na Cyril Fry, ambaye kwetu ni kama babu wa ukoo, alikuwa mchoraji wa ramani katika karakana ya Inchicore, hivyo michoro ya mashine halisi ilikuwa kazi yake ya kila siku. Jioni aliunda modeli kutokana na elimu hiyo. Modeli zake sasa ziko Malahide, kaskazini mwa Dublin, katika makumbusho ya Casino. Ukifika, usikimbilie treni zinazotembea. Simama mbele ya makabati ya vioo.

Kuhusu kutandaza reli yenyewe, nieleze kidogo kwa anayetaka kujaribu. Mataruma yangu ni vipande vya bodi yenye ngozi ya shaba, ileile inayotumika kuundia saketi za redio. Unakigundisha kipande kwenye plaiwudi, unalehemu reli ya kwanza kwa jicho na rula, kisha ya pili unaiweka kwa kipimo cha chuma kilichochongwa milimita 21. Kwenye kona unaachia nafasi kidogo zaidi, la sivyo kichwa chenye magurudumu mengi kinapanda juu ya reli. Shaba hupitisha umeme, kwa hiyo kila taruma lazima likatwe mfereji mwembamba katikati, usioonekana ukishapakwa rangi, ili reli ya kulia isigusane na ya kushoto. Mataruma yangu ni mia nne na zaidi. Nilisahau moja. Kwa jioni mbili kila nilipowasha umeme kidhibiti kilizima, nami nikawa natambaa chini ya meza nikifuata nyaya zisizo na kosa. Rafiki yangu wa 16.5, fundi umeme, alikuja na kifaa chake cha kupimia, akaigawa njia vipande viwili, akagawa kipande kibovu tena viwili, na tena. Dakika ishirini akalipata. Hakuwa na faida yoyote kwa reli yangu kupona, maana treni yake haiwezi kukanyaga hapo.

Hilo lilinikera kuliko taruma lenyewe. Nilikuwa nimejenga kile ambacho Ulster Railway walikijenga: njia nzuri ambayo behewa la jirani haliingii. Watu wanaoniazima picha, wanaonitafutia hitilafu, wakija kwangu wanatazama tu.

Kwa hiyo njia ya jukwaani nimeitandaza reli tatu. Moja ni ya wote. Kutoka hiyo, milimita 16.5 kuna ya pili, na milimita 21 kuna ya tatu. Kati ya ya pili na ya tatu, ukiondoa unene wa chuma, unabaki mfereji wa milimita tatu na kitu, na ukingo wa gurudumu unapita bila kugusa. Shida ilikuwa jukwaa. Treni ya 16.5 hukaa milimita mbili na robo karibu zaidi na ile reli ya wote, hivyo ningeiweka reli hiyo upande wa jukwaa, ngazi za vichwa zingekwaruza ukuta. Nimeiweka upande wa mbali. Treni zangu zinakaa sawasawa na jukwaa, na za wageni zinaacha upenyo kidogo ambao abiria wa milimita 23 angeuvuka bila kuhangaika. Umeme nao umekuwa rahisi: waya mmoja wa kurudi kwa reli ya wote, na nyingine mbili zinashika waya mmoja.

Kokoto bado sijamwaga. Nimeziacha reli wazi hadi Jumamosi, kwa sababu rafiki yangu fundi umeme anakuja na 141 zake mbili, na nataka kama kuna mahali panapokwama tupaone kabla gundi haijakauka.