Sungura Peter hakuzaliwa Hill Top

Wengi wanaofika Hill Top, nyumba ya mawe ya Beatrix Potter, mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto, kijijini Near Sawrey, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, huingia wakiamini kwamba Sungura Peter, mhusika wake maarufu, alitungiwa humo. Sivyo. Peter alianza kwenye barua yenye michoro ambayo Potter alimwandikia mtoto mgonjwa, mwana wa mwalimu wake wa zamani wa nyumbani, Septemba 1893 akiwa Dunkeld, Scotland. Kitabu kikatoka 1902. Potter aliinunua Hill Top 1905, na mapato ya vitabu yalisaidia kulipia, kwa hiyo ni sungura aliyeinunua nyumba!

Wala Potter hakuhamia humo moja kwa moja. Mwanzoni alikuwa akienda na kurudi London kwa wazazi wake, na alipoolewa na wakili William Heelis mwaka 1913, wakakaa Castle Cottage, ng'ambo ya uwanja wa malisho. Hill Top ikabaki mahali pake pa kazi na pa kuwekea vitu anavyovipenda.

Si kwamba nyumba haina hadithi. Ngazi zake zimo katika kitabu cha panya Samuel Whiskers cha 1908: paka mama anapomtafuta mwanawe, ngazi anazosimama ndizo hizo anazopanda mgeni leo. Bustani nayo imo katika hadithi ya bata Jemima.

Michoro yenyewe iliwahi kuonyeshwa Hawkshead, mji jirani, ambako ofisi ya uwakili ya Heelis iligeuzwa jumba la maonyesho ya kazi za Potter.